Tyuna ya antena ya otomatiki: jinsi ya kuitumia, na kwa nini SWR nzuri haitoshi ili usikike

Makala haya ni kwa wahudumu wa vyumba vya redio, madereva wa magari yenye redio za HF, wanakamati wa maafa na wenye leseni ya redio ya ridhaa. Yanaeleza tyuna ya antena inafanya nini, namna ya kuitumia bila kuharibu redio, na mambo ambayo haiwezi kufanya. Mfano tunaoutumia ni mawasiliano kati ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, lakini maelezo yanafaa pia Nakivale, Kyangwali, Kiryandongo au Bidi Bidi.

Lalamiko la kawaida kwenye redio hizi ni hili: "Nimebonyeza kitufe, tyuna imekubali, SWR ni 1:1, lakini Jinja hawanisikii." Jibu fupi ni kwamba tyuna inaifanya redio iikubali antena. Haiifanyi antena mbaya kuwa nzuri. Ukielewa tofauti hiyo, sehemu kubwa ya makala haya utakuwa umeshaielewa.

Kwa nini Jinja na Mbale

Mbale iko chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Mvua ikizidi, miteremko ya Bududa, Sironko na Bulambuli hukatika. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko yalifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, na mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Oktoba 2018 ilikuwa zamu ya Bukalasi, katika wilaya hiyohiyo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya mji wa Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Novemba 2024 maporomoko yakapiga Bulambuli.

Wakazi wa Kiryandongo wanaijua habari hii kutoka kwa majirani zao. Baada ya maafa ya 2010, familia nyingi za Bududa zilihamishiwa Panyadoli, karibu kabisa na makazi ya wakimbizi. Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, ndiyo inayosimamia wakimbizi na ndiyo inayosimamia maafa. Kwa hiyo mhudumu wa redio aliyefundishwa kwa kazi moja anaweza kuhitajika kwa nyingine.

Siku kama hizo simu haziaminiki. Mnara unahitaji umeme au mafuta ya jenereta, na fundi anahitaji barabara ya kuufikia. Hata mnara ukiwa mzima, watu wengi wakipiga kwa wakati mmoja laini hujaa. Jinja iko kwenye barabara kuu ya kwenda Kampala, mbali na miteremko ya Elgon. Ujumbe ukitoka Mbale kwa redio na kufika Jinja, mtu wa Jinja anaweza kuchukua simu na kuupeleka popote.

Kwa mstari ulionyooka, Jinja na Mbale zimeachana kwa takriban kilomita 130. Redio ndogo ya mkononi ya VHF haiwezi umbali huo. Hata ukiweka antena kwenye nguzo ya mita 10 kila upande, juu ya ardhi tambarare mawimbi ya VHF hufika kama kilomita 26 tu kabla ya mviringo wa dunia kuyazuia. Bila kituo cha kurudisha mawimbi juu ya mlima, njia inayobaki ni HF, yaani masafa kati ya MHz 3 na 30.

Waliotoka Kongo wanaijua redio hii kwa jina la foni. Kabla ya minara ya simu kufika vijijini, watu walikwenda parokiani au dukani kwa mfanyabiashara kuzungumza na ndugu wa mbali kwa foni. Huko Haut-Uele na Bas-Uele vijiji viliitumia kupeana tahadhari juu ya mienendo ya waasi wa LRA. Foni ya masafa mamoja, yenye antena iliyokatwa kwa masafa hayo hayo, haihitaji tyuna. Tyuna inahitajika pale unapotaka antena moja ifanye kazi kwenye masafa tofauti.

Tyuna inafanya nini

Redio nyingi za HF zimetengenezwa ili zione mzigo wa omu 50 kwenye tundu la antena. Antena haina namba moja ya kudumu. Namba yake hubadilika kwa masafa, kwa urefu wa waya, kwa kimo kutoka ardhini, kwa paa la mabati lililo karibu, hata kwa udongo ulioloa. Antena ikiwa tofauti sana na omu 50, sehemu ya nguvu inayotoka kwenye redio hurudi nyuma. Redio nyingi za kisasa zikihisi hivyo hupunguza nguvu zenyewe ili zisiungue.

Kipimo cha tofauti hiyo ni SWR. Namba zake zina maana hii:

- SWR 1:1: hakuna nguvu inayorudi.
- SWR 1.5:1: asilimia 4 hurudi.
- SWR 2:1: asilimia 11 hurudi.
- SWR 3:1: asilimia 25 hurudi.
- SWR 5:1: asilimia 44 hurudi.
- SWR 10:1: asilimia 67 hurudi.

Usihangaike kutoka 1.5 kufika 1.0. Anayekusikiliza hatatambua tofauti. Kuanzia 2:1 au 3:1 ndipo redio huanza kujilinda.

Tyuna, ambayo kwenye kifaa chenyewe mara nyingi huandikwa ATU, hukaa kati ya redio na antena. Ndani yake mna koili, kapasita na relei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme. Kompyuta ndogo hupima SWR, hufungua na kufunga relei, kisha hupima tena, mpaka ipate mchanganyiko unaoifanya redio ione karibu na omu 50. Tyuna yenye koili 7, kapasita 7 na relei moja ya kuhamisha kapasita upande huu au ule ina michanganyiko 32,768. Ndiyo maana husikia mlio wa haraka kama mahindi yanayokaangwa. Ikishapata jibu, nyingi huliweka kwenye kumbukumbu, na siku nyingine ukirudi kwenye masafa hayo huchukua chini ya sekunde moja.

Ifikirie kama gia za baiskeli. Gia hulinganisha mguu wako na mlima ili usichoke mapema. Mlima wenyewe haupungui.

Aina tatu utakazokutana nazo

*Iliyo ndani ya redio.* Ni rahisi kutumia lakini uwezo wake ni mdogo. Kwa kawaida hurekebisha SWR mpaka 3:1 tu. Inafaa kusafisha kasoro ndogo za antena ambayo tayari ni nzuri.

*Ya mezani.* Ni kisanduku kinachokaa karibu na redio. Hukubali antena zilizo mbali zaidi na omu 50. Udhaifu wake ni kwamba haibadilishi kinachotokea kwenye kebo baada yake, kama tutakavyoona.

*Ya kwenye antena.* Hufungwa nje, chini ya waya au kwenye gari chini ya fimbo ya antena. Hii ndiyo bora kwa waya mmoja wa masafa mengi, kwa sababu hufanya kazi pale pale tatizo lilipo. Lazima ifungwe isiingie maji.

Hatua za kutumia

1. *Sikiliza kwanza.* Hakikisha hakuna anayezungumza. Kama kuna mawasiliano ya dharura, sogea pembeni kwa kHz chache ufanye kazi hiyo huko. Usirekebishe antena juu ya sauti za watu.

2. *Punguza nguvu.* Weka wati 10 hivi. Relei zikibadilika huku wati 100 zikipita, ncha zake huungua. Redio iliyounganishwa na tyuna yake kwa waya maalumu mara nyingi hufanya hivi yenyewe. Soma kitabu cha kifaa chako.

3. *Chagua wimbi lisilobadilika.* Tumia CW, AM au FM. Kwenye SSB usipozungumza hakuna nguvu inayotoka, kwa hiyo tyuna haina cha kupima. Kupiga mluzi kwenye maiki si njia nzuri.

4. *Jitambulishe.* Taja alama yako ya wito kabla ya kurusha.

5. *Bonyeza kitufe cha TUNE.* Subiri relei zinyamaze. Mara nyingi ni sekunde 1 mpaka 6.

6. *Soma SWR.* Ikiwa 1.5:1 au chini, vizuri. Ikiwa kati ya 1.5 na 2, endelea. Ikiwa juu ya 3, usirushe.

7. *Rudisha SSB na nguvu ya kawaida.* Hapa kuna kosa la mara kwa mara. Redio za ridhaa hutumia LSB chini ya MHz 10. Redio za mashirika hutumia USB kwenye masafa yote. Upande mmoja ukiwa LSB na mwingine USB, sauti itakuwa kama ya bata, na hakuna tyuna itakayoiponya.

8. *Uliza taarifa.* "Jinja, unanisikiaje?" Andika jibu kwenye daftari pamoja na saa, masafa na antena uliyotumia.

Ukihama masafa kwa zaidi ya kHz 20 au 30 kwenye bendi ya mita 80, rudia hatua hizi. Kwenye bendi ya mita 40 unaweza kuhama mbali zaidi kabla ya kurudia.

Masafa na antena ya Jinja–Mbale

Kwa umbali wa kilomita 130, mawimbi hayasafiri kwa kufuata ardhi. Hupanda juu karibu wima, hugonga tabaka la ionosfia lililo kama kilomita 300 juu yetu, kisha hushuka. Kwa Jinja na Mbale pembe ya kupanda ni karibu digrii 78. Faida yake ni kubwa kwa watu wa milimani: mawimbi yanayoshuka kutoka juu huingia hata kwenye mabonde ya Bududa ambako mgongo wa Wanale umezuia VHF.

Ili njia hii ifanye kazi, mambo mawili yanahitajika.

*La kwanza ni masafa ya chini.* Mchana tumia MHz 7. Usiku, ionosfia ikidhoofika, shuka mpaka MHz 3.5 hadi 3.8. Ukitumia MHz 14 mara nyingi mawimbi yanayopanda wima hutoboa ionosfia na kupotea angani, na yale yanayopanda kwa pembe ndogo huangukia mbali sana. Ndipo mtu wa Mbale anajibiwa na Ulaya huku Jinja ikiwa kimya. Kwa wenye leseni ya ridhaa, chama cha kimataifa cha IARU kimependekeza kwa Kanda ya 1, ambamo Afrika imo, masafa ya kukusanyikia wakati wa dharura: MHz 3.760 na 7.110 ndiyo yanayofaa safari fupi kama hii. Mashirika yana masafa yao yaliyoidhinishwa, na ni tofauti na haya.

*La pili ni waya uliolazwa chini kiasi.* Dipoli ya MHz 7.1 ina mikono miwili ya karibu mita 10 kila mmoja. Ya MHz 3.7 ina mikono ya karibu mita 19.3. Ifunge kwenye miti mita 5 mpaka 8 kutoka ardhini. Kwa safari hii usitafute mlingoti mrefu: antena ya chini hurusha nguvu zake juu, na juu ndiko tunakozitaka.

Pale SWR inapokudanganya

Chukua gari lililoegeshwa Mbale. Lina redio ya HF na fimbo ya mita 3 yenye tyuna chini yake. Dereva anabonyeza, SWR inakuwa 1.2:1. Anaita Jinja kwenye MHz 3.7, hakuna jibu.

Hakuna kilichoharibika. Kuna sababu mbili. Kwanza, kwa MHz 3.7 wimbi moja lina urefu wa mita 81. Fimbo ya mita 3 ni fupi mno kwake, na sehemu kubwa ya nguvu huishia kuwa joto kwenye koili na ardhini. Kwa wati 100 unaweza kuwa unarusha wati chache tu. Pili, fimbo iliyosimama hurusha pembeni na karibu haitumi kitu juu kabisa. Mawimbi yake yanaruka juu ya Jinja.

Dawa ni kubeba waya. Gari likisimama, toa dipoli ya MHz 7 kwenye mfuko, tupa kamba juu ya tawi la mwembe, vuta, unganisha. Hiyo ni kazi ya dakika 10. Watu wawili wakiizoea, wataifanya hata gizani.

Mfano wa pili wa udanganyifu ni mzigo bandia, kile kifaa cha mafundi cha kupimia redio bila kurusha. Ukikiunganisha, SWR ni 1:1 kamili, na hakuna mtu hata wa mlango wa pili anayekusikia. SWR inakuambia kama nguvu inarudi. Haikuambii nguvu imekwenda wapi.

Mfano wa tatu ni kebo. Tyuna ya mezani ikionyesha 1:1, hiyo ni SWR kati ya redio na tyuna. Kati ya tyuna na antena, SWR bado ni ileile mbaya, na nguvu hupanda na kushuka kwenye kebo ikigeuka joto kila safari. Mita 30 za kebo ya RG-58 kwenye MHz 7 hupoteza kama moja ya tano ya nguvu antena ikiwa sawa. Antena ikiwa na SWR 10:1, kebo hiyohiyo hupoteza zaidi ya nusu. Kwa hiyo, antena ikiwa mbali na omu 50, fupisha kebo au peleka tyuna kwenye antena.

Waya mmoja kwa masafa mengi

Kama una tyuna ya kwenye antena, au ya mezani yenye transfoma ndogo ya 9:1, unaweza kutumia waya mmoja unaolishwa kutoka mwishoni. Urefu wake una umuhimu. Epuka urefu ulio nusu ya wimbi au marudio yake, kwa sababu hapo mwisho wa waya una volti kubwa na tyuna nyingi hushindwa. Kwa MHz 7.1 epuka mita 20 hivi na mita 40 hivi. Urefu wa mita 16.2 au mita 25.6 hufaa kwa bendi za mita 80, 40 na 20.

Waya huo unahitaji mwenzake. Tandaza ardhini waya mwingine, mmoja au zaidi, kutoka kwenye tundu la ardhi la tyuna. Bila hiyo, redio yenyewe na maiki huwa sehemu ya antena, na unaweza kuhisi mchomo kwenye midomo unapozungumza.

Kama kituo chako ni cha kudumu na mna masafa mawili tu, moja ya mchana na moja ya usiku, fikiria dipoli mbili zilizofungwa kwenye kebo moja. Zikikatwa vizuri hutahitaji tyuna kabisa, na kitakuwa kifaa kimoja kidogo cha kuharibika usiku wa mvua.

Tyuna ikikataa

Usibonyeze tena na tena. Kagua kwa mpangilio huu:

- Je, kebo imekazwa pande zote mbili? Kiunganishi kilicholegea ndicho kisababishi cha kwanza.
- Je, kuna maji ndani ya kebo au kiunganishi? Baada ya mvua, kifungue na kukikausha.
- Je, waya umekatika au umegusa bati, uzio au mti?
- Je, uko kwenye masafa sahihi, au kidole kimegusa kitufe cha bendi?
- Je, betri inashuka unaporusha? Redio ya wati 100 huvuta zaidi ya ampea 20. Volti zikiporomoka, tyuna hujizima katikati ya kazi.
- Je, waya una urefu mbaya? Ongeza au punguza mita 1 au 2 ujaribu tena.

Kama hayo yote ni sawa, futa kumbukumbu ya tyuna kwa kufuata kitabu chake, uanze upya.

Radi, umeme na watoto

Ukanda wa Ziwa Victoria na kaskazini mwa Uganda ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Novemba 2024 iliua watu 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo. Antena ya waya ni njia iliyo wazi ya kuleta radi mezani kwako.

- Ukisikia ngurumo, acha kurusha. Chomoa kebo ya antena na uiweke nje ya jengo. Usisubiri mvua ianze.
- Usifunge waya juu au chini ya nyaya za umeme, hata kwa muda mfupi.
- Unaporusha, ncha ya waya ina volti zinazounguza. Ifunge juu mahali ambapo mtoto hafiki, wala mbuzi hawezi kuivuta.
- Funga kitambaa cha rangi kwenye kamba za chini ili watu wasijikwae usiku.

Leseni na usiri

Nchini Uganda mitambo ya redio na masafa husimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013. Kurusha bila leseni ni kosa, na kwa mkimbizi tatizo hilo linaweza kuwa kubwa kuliko faini. Kama umepewa redio au umenunua iliyotumika, usiiwashe kurusha kabla ya kuuliza. Kusikiliza ni njia nzuri ya kujifunza. Kwa kurusha, anza na chumba cha redio cha shirika lako.

Vituo vya ridhaa vya Uganda hutambulika kwa alama zinazoanza na 5X. Majirani ni 5Z kwa Kenya, 5H kwa Tanzania, 9X kwa Rwanda, 9Q kwa Kongo na Z8 kwa Sudan Kusini. Kanuni za redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine kwenda nje ya nchi wakati wa dharura na misaada ya maafa, si kwa mazungumzo ya kila siku. Kuwa na leseni ya ridhaa hakukupi ruhusa ya masafa ya mashirika, na kufanya kazi shirikani hakukupi ruhusa ya masafa ya ridhaa.

Kumbuka pia kwamba HF haina mlango. Anayesikiliza Juba, Goma au Eldoret anakusikia pia. Usitaje majina ya majeruhi, watoto waliopotea au watu wanaotafuta ulinzi. Tumia namba mlizokubaliana. Majina yapelekwe kwa njia nyingine.

Kwa ufupi

Kabla ya msimu wa mvua, fanyeni jaribio moja kila wiki kati ya vituo vyenu: mara moja mchana kwenye MHz 7 na mara moja usiku kwenye MHz 3.5. Andikeni SWR mliyoipata, lakini pembeni yake andikeni pia mwenzenu alivyowasikia. Mita ya SWR iko mezani kwako na haijui lolote kuhusu Jinja. Mtu wa Jinja ndiye kipimo. Kama kwa wiki tatu SWR ni 1:1 na Jinja haisikii, acheni kitufe cha tyuna, tokeni nje mkaangalie waya.